Saa Tisa Ikarudi Kuwa Saa Nane

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 26 Oktoba 2025, nilikuwa kazini. Mie ni muuguzi wa wazee hapa Hamburg, na kila mwezi nina siku zangu za shifti ya usiku: naingia saa tatu usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Masaa tisa. Isipokuwa usiku mmoja kwa mwaka, ule wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambapo Ujerumani nzima inarudisha saa nyuma na shifti yangu inavimba ikawa ya masaa kumi. Inafika saa tisa usiku, unaambiwa hapana, hii si saa tisa, ni saa nane. Saa uliyokwisha kuimaliza unarudishiwa uifanye tena.

(Mwezi Machi huwa wanainyofoa hiyo saa moja, na aliyepangiwa usiku huo anaenda kulala mapema. Miaka kumi na moja sijawahi kupangiwa usiku wa Machi hata mara moja. Oktoba hii ni ya nne. Sisemi kitu.)

Chumba cha mwisho kwenye korido yangu kuna bibi wa miaka 94. Saa nane na dakika kumi akabonyeza kengele. Alitaka kujua kama mumewe amesharudi kutoka kazini. Mumewe alikufa zamani, lakini bibi amesahau, na sisi tumefundishwa tusimfishe mtu upya kila usiku. Nikamwambia bado, nikamnywesha maji, nikamgeuza ubavu wa pili, nikatoka kuandika taarifa: 2:10, ameamka, ameuliza habari za mume. Baada ya saa nzima kengele ikalia tena. Swali lile lile. Natoka, naangalia saa ya ukutani ambayo inajirekebisha yenyewe: 2:10.

Wajerumani hawapendi kitu kining'inie hewani. Saa ile ya kwanza wameiita 2A na ya pili 2B, ipo hivyo kisheria. Kwa hiyo kwenye taarifa ya usiku ule mume wa bibi aliulizwa saa 2A na dakika kumi, na akaulizwa tena saa 2B na dakika kumi. Nilicheka peke yangu koridoni mpaka nikaziba mdomo.

Nyumbani Tanga mama yangu ana maelezo yake kuhusu jambo hili. Kuanzia Machi hadi Oktoba tunapishana saa moja tu. Baada ya hapo tunapishana saa mbili. Nilishamweleza kwamba ni vyombo tu vinasogezwa, mie nipo pale pale. Hakubali. Kila ikifika siku hiyo ananiuliza, "Mmesogea tena?" Kwa hesabu yake mwanawe anasukumwa mbali kila baridi inapoingia, halafu Machi anavutwa karibu kidogo, kama ngalawa iliyofungwa kamba ndefu.

*

Nimekaa huku tangu 2014 na mpaka leo kichwani nahesabu saa za Kiswahili. Kijerumani nimekisoma, nimefanya mtihani, nimefaulu, naota kwa Kijerumani wakati mwingine (ndoto za kazini, hazina raha). Lakini ukiniuliza saa ngapi, kuna sekunde moja ya kimya kabla sijajibu. Hiyo sekunde ndiyo safari ya kutoka Tanga.

Na Wajerumani nao wana ya kwao. Siku yangu ya kwanza kwenye mafunzo, msimamizi aliniambia kwenye simu nifike *halb acht*. *Acht* ni nane, *halb* ni nusu. Nikatulia, nikafanya hesabu ya mtu mwenye akili: nane na nusu, yaani kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Nikaamka mapema, nikavaa vizuri, nikafika saa mbili na robo nikiwa nimejaa fahari. Kumbe *halb acht* maana yake ni nusu ya kuelekea nane. Saa moja na nusu! Nilichelewa dakika arobaini na tano huku nikiamini nimewahi robo saa. Mjerumani anaihesabu nusu kwa saa ambayo bado haijafika. Sisi tunaihesabu kwa saa ambayo imeshapita. Mtu akiniambia Waafrika hatujui muda, humkumbusha kwamba kuna taifa zima linaita saa moja na nusu "nusu ya nane".

Ila shida yangu kubwa na saa za huku si hiyo, ni jua. Saa ya Kiswahili iliundwa na watu ambao jua lao lina adabu. Tanga ipo kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua linatoka mwendo wa saa kumi na mbili, linazama mwendo wa saa kumi na mbili, mwaka mzima, likichelewa ni dakika chache. Saa ya kwanza ya mchana ni saa moja. Mtoto haelezwi, anaona. Sasa njoo Hamburg, nyuzi 53 na nusu kaskazini. Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi jioni limeshaondoka, bila kuaga. Juni linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na linakuja kuzama karibu na saa nne usiku. Nikisema "saa moja usiku" mwezi Juni, nasema huku nimevaa miwani ya jua.

Ramadhani yangu ya kwanza kamili hapa ilikuwa 2015, na ilianza tarehe 18 Juni. Waislamu wa kaskazini wanajua ninachozungumza. Siku ile ya kwanza mama akanipigia, kwao adhana ya magharibi imeshaadhiniwa, nasikia vijiko, nasikia mtu anauliza uji uko wapi. "Umefuturu, mwanangu?" Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka kama saa tisa ya mchana. Ilikuwa bado masaa manne na nusu. Nikamwambia, "Bado kidogo, mama." Sikuwa na nguvu ya kueleza umbo la dunia na koo limekauka.

Yule mama alidhani namficha ugonjwa. Alimtuma kaka yangu anipigie pembeni aniulize kuna nini.

Lakini mwezi unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mie nimekaa hapa muda wa kutosha kuona haki ikitendeka. Mwaka 2025 tulifunga Machi, tukawa karibu sawa na Tanga, na mama akaridhika kwamba hatimaye nimepona. Na nimeshapiga hesabu: mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba. Hapo nitafuturu saa kumi jioni. Nitampigia simu mama nikiwa na kikombe mkononi, nimwulize yeye, "Umefuturu?"

*

Salamu. Huku kaskazini ya Ujerumani watu wanasalimiana *Moin*. Neno moja, asubuhi, mchana, usiku wa manane, kwa bosi, kwa dereva wa basi, kwa daktari. Wenyewe wanatania kwamba ukisema *Moin Moin* tayari wewe ni mropokaji. Nililelewa kwa bibi ambaye salamu yake inaanza na shikamoo, inapita kwa habari za kuamka, inazunguka kwa watoto, inagusa mgonjwa wa jirani, na unapodhani imekwisha inaanza upya na "Ehe, habari za tangu juzi?" Kwa hiyo miezi ya mwanzo nilijiona kama mtu anayepigwa mlango usoni kila asubuhi.

Sasa nakiri kwamba naipenda *Moin*. Ukitoka shifti ya usiku umechoka, neno moja linatosha, na hakuna anayekudai habari za watoto usio nao. Tena ikisemwa vizuri ina joto lake, usikilize jinsi wanavyoivuta mwishoni.

Kilichonishinda ni kumsalimia mtu wa miaka tisini kwa neno lile lile ninalomwambia kijana wa kuleta vifurushi. Mdomo ulikataa. Nikawa nikiingia chumbani alfajiri, kabla ya kufungua pazia, namnong'oneza yule bibi niliyemtaja: "Shikamoo." Kisha ndiyo naanza Kijerumani. Kwangu ilikuwa kama kupiga hodi. Nilifikiri hasikii. Wiki moja baadaye wenzangu wa mchana wakaniuliza, huyu Bi Shikamoo ni nani, mama wa chumba cha mwisho anamuulizia, hataki kuvalishwa na mtu mwingine. Basi hadi leo ndilo jina langu pale. Kuna mwenzangu mmoja Mpoland akinipisha mlangoni anainama kidogo anasema, "Frau Shikamoo." Nimejaribu kumfundisha kwamba anatakiwa aipokee au aitoe kutegemea umri, na kwamba kwa kuwa nimemzidi miaka saba anatakiwa aitoe. Anaitoa kwa kila mtu, hata kwa mashine ya kahawa.

Mzee mwingine, wa miaka 91, mwenye akili kali kama wembe, aliniuliza siku moja natokea mji gani. Nikasema Tanga, nikijiandaa kueleza iko wapi, kama kawaida. Akanikata: "Tanga! Lettow-Vorbeck!" Macho yakamng'aa. Utotoni alikuwa amesoma habari za huyo kamanda wa jeshi la Wajerumani kule Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Akanisimulia Novemba 1914, Waingereza wanateremka na jeshi lao la Wahindi, wako wengi kuliko Wajerumani mara kadhaa, na bado wanapigwa wanarudi melini.

Nikamwambia hiyo vita naijua. Kwetu ni vita vya nyuki. Bunduki, risasi, vurugu zote zile, lakini alichokisimulia babu yangu ni nyuki waliotoka mizingani wakauma kila aliyevaa sare, wa huku na wa kule. Kwa simulizi ya babu walioshinda Tanga ni nyuki, na hawakudai mji. Mzee alifikiri sana, akasema hilo halikuwemo kwenye kitabu chake. Nikamuuliza kama kwenye kitabu yalikuwemo majina ya askari. Wapiganaji wengi wa huyo Lettow-Vorbeck wake walikuwa Waafrika, na waliowabebea mizigo vilevile. Hakukumbuka jina hata moja. Wala mie sikuwa nalo la kumpa, ndipo tukawa sawa.

Mazungumzo hayo yalinisukuma siku ya mapumziko nikapanda treni halafu basi hadi Jenfeld, mashariki ya mji. Kuna mahali panaitwa Tansania-Park. Ukisikia jina unawaza bembea na miembe. Ni kiwanja kando ya iliyokuwa kambi ya jeshi, kambi ambayo iliitwa kwa jina la Lettow-Vorbeck huyo huyo, na ndani yake kuna michongo mikubwa ya mwaka 1939: askari wetu wamepangwa nyuma ya afisa wa Kijerumani, na mwingine wa wapagazi na mizigo yao. Hiyo michongo ilikusanywa hapo, eneo likapewa jina la nchi yangu, 2003. Nilikuta geti limefungwa. Nikasimama kwenye uzio na mwavuli wangu, mvua ya Hamburg ile isiyonyesha wala kuacha. Nilikuwa na hasira, nakubali, lakini nusu ya hasira ilikuwa ya nauli. Nilichokiwaza muda mrefu zaidi ni wapagazi: kama kuna hata mmoja aliyechongwa kwa sura ya mtu halisi, na kama ana wajukuu Pangani au Muheza ambao hawajui kwamba babu yao amefungiwa Jenfeld.

*

Nilipopata chumba changu cha kwanza cha kupanga, Jumapili moja mchana niliamua kupika pilau ya nguvu. Nikatoa kinu changu kidogo nilichokibeba kwenye sanduku toka Tanga, nikaketi sakafuni, nikatwanga kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Dakika kumi hivi. Baadaye nikakuta kikaratasi kimebandikwa mlangoni kwa mwandiko mzuri sana: "Jirani mpendwa, leo ni Jumapili." Na chini: "Kwa salamu za kirafiki." Hakuna salamu iliyokuwemo, na urafiki niliutafuta nyuma ya karatasi nikaukosa.

Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikaelewa kwamba huku Jumapili si siku tu. Imelindwa kwenye Katiba, kwa kifungu walichokirithi toka Katiba yao ya 1919. Maduka yamefungwa, hutoboi ukuta, hukati nyasi kwa mashine, hata chupa tupu huruhusiwi kwenda kuzitupa kwenye pipa la vioo kwa sababu zinapiga kelele. Nikaona hawa watu wamepungukiwa. Jumapili bila muziki wa jirani ni ya nini?

Mwaka jana walihamia vijana ghorofa ya juu yangu. Jumapili, saa tatu asubuhi, nimetoka shifti, nimelala masaa mawili, wanaburuta kabati. Unajua nilichofanya. Nilichukua karatasi nzuri, nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi: "Majirani wapendwa, leo ni Jumapili." Nikaweka na salamu za kirafiki. Nilipokuwa nabandika nilisikia kama kuna mtu ananicheka nyuma yangu kwenye ngazi, na mtu huyo ni mie wa 2014, kashika mchi.

*

Kuhusu hela nitasema kidogo, maana najua ndugu wanasoma. Neno lenyewe, kwa taarifa, lilitoka huku: *Heller*, kisarafu cha Wajerumani kule Afrika Mashariki, kuanzia 1904 mia moja zikifanya rupia moja. Na shule ni *Schule*. Nikiwaambia Wajerumani kwamba walituachia maneno mawili, shule na hela, na kwamba mpaka leo hayo ndiyo tunayohangaikia, wanacheka halafu wanakaa kimya.

Mtu akikaa Ulaya anaingizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi akiwa amelala. Unaamka, umo kwenye kamati. Orodha ya ahadi imeshapangwa, jina lako limo, "Dada wa Ujerumani", mbele yake kuna nafasi wazi inayosubiri, na chini yako mjomba ambaye hana kazi ameahidi laki mbili ili kukuonyesha njia. Nimejiwekea utaratibu. Wa damu natoa. Tuliosoma pamoja natoa kidogo. Wa "tulikaa nyumba moja Chumbageni ulipokuwa mdogo hukumbuki" natuma dua, na ninaiandika ndefu.

Mwenzangu mmoja kazini alinishangaa: kwa nini usikatae tu? Nikamuuliza yeye analipa ile ada ya redio na televisheni ya taifa? Analipa, kila nyumba inalipa, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mie sina. Barua inakuja kila miezi mitatu: euro 55.08. Hapo kuna tofauti gani na kamati ya harusi, isipokuwa kwenye harusi angalau naletewa video?

Lakini kuna jambo sikumweleza. Baba alifariki 2019, alfajiri. Nilipata simu nikiwa namsafisha mgonjwa. Kwetu maiti haisubiri ndege. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri, na alasiri hiyo mie nilikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege navua viatu. Nilifika siku ya tatu. Nikakuta turubai limefungwa, masufuria makubwa yamekodiwa na kulipiwa, sanda, kaburi, chakula cha watu wa siku tatu, vyote vimekamilika, na hakuna aliyeniuliza senti. Aliyesimamia daftari la michango alikuwa yule mjomba asiye na kazi. Tangu siku hiyo makundi ya WhatsApp nayalalamikia, lakini sijitoi.

Na ni mwaka huo huo mama aliacha kuniuliza narudi lini.

Watu wa huku wananiuliza zaidi siku hizi, kwa njia nyingine: mbona huchukui uraia? Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inakuruhusu kubaki na uraia wako wa zamani, na miaka ya kungoja imeshuka kutoka minane hadi mitano. Mlango wa huku umefunguliwa. Wa kwetu umefungwa: Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa kwake, na hadhi maalumu kwa ajili ya diaspora si uraia. Nimejaza fomu mara mbili, nimeziweka kwenye droo ya vijiko. Si uzalendo mkubwa, msinipigie makofi. Ni kwamba nikifikiria kushuka Dar, nikapanga mstari wa wageni, nikatoa dola 50 za viza ili nikamwone mama yangu Tanga, mkono unakuwa mzito. Najua wenzangu waliochukua, wana watoto huku, wana sababu zao na ni nzuri. Mie nakula na vijiko vyangu juu ya fomu.

*

Kitu kimoja mama hajawahi kukiamini. Huku chupa ya plastiki au kopo unalonunua lina hela ya chupa, senti 25, unairudisha kwenye mashine dukani unapewa hela yako. Hilo alilielewa haraka, hata sisi tulipokuwa watoto tulirudisha chupa za soda. Asichoamini ni kwamba kuna wazee wa Kijerumani, wamevaa koti safi na kofia, wanaopita asubuhi wakimulika mapipa ya taka kwa tochi kutafuta hizo chupa. Watu wenye utu huziacha chupa zao chini, kando ya pipa, ili mzee asiingize mkono. Nilimtumia picha ya chupa tatu zimepangwa kando ya pipa kituo cha treni. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Hizo si mtu kazisahau?"

Jumapili ile ya Oktoba nilipotoka kazini zilikuwepo nne pale pale, na hakuna aliyekuwa amezipitia bado. Nikakaa kwenye benchi nikampigia mama. Kwao ilikuwa imeshafika saa mbili na nusu, anachambua mchele, nasikia sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Sijalala, ndiyo natoka kazini."

"Mmesogea tena?"

"Tumesogea."

Akaguna. Nikamsimulia habari za saa nane mbili, na bibi aliyeuliza habari za mumewe kwenye saa nane zote mbili. Nilidhani atacheka kama nilivyocheka mie. Sinia likanyamaza.

"Mara ya kwanza ulimjibu nini?"

"Nilimwambia bado."

"Na ya pili?"

"Hivyo hivyo. Bado."

"Ah, wewe nawe," mama akasema. "Ungemwambia yuko njiani."